Mtengenezaji: Hajulikani

Mama yangu ni mfinyanzi, na kwa miaka arobaini alitaka jambo moja tu: watu wajue kwamba kile chungu kikubwa cha makumbusho alikifinyanga yeye. Siku kiliponunuliwa, karani aliandika jina lake kwenye kadi, mama akiona kwa macho yake. Kadi ikafungiwa kabatini, mama akarudi kwenye udongo wake wa kufinyanga. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kuunda tovuti ya makumbusho, watu wautazame mkusanyo wote wakiwa kwao, nilimwambia, "Safari hii dunia nzima itakusoma." Ulimi huponza kichwa, na wangu hauna breki.

Kadi zilikuwa elfu sita. Tulizipiga picha, wachapaji wakaingiza maneno kwenye kompyuta, mimi nikajenga kurasa. Ukibonyeza chungu kinazunguka, unakiona mpaka nyufa. Nilijivuna, sikatai. Wiki ya mwisho mkurugenzi akaja mezani kwangu kanuna.

"Hapa kwenye mtengenezaji mbona patupu? Ukurasa una mapengo kama kibogoyo."

"Kadi nyingi hazina jina, bosi."

"Basi pajaze. Uzinduzi ni Ijumaa."

Nikaandika agizo la mstari mmoja: penye tupu, weka "Hajulikani". Kompyuta ikajaza nafasi elfu tatu na ushee kabla chai yangu haijapoa. Ukurasa wa mama sikuufungua. Nilikuwa na uhakika nao, na nilitaka tuufungue pamoja nimwone anavyocheka. Siku hiyo hiyo nikatia saini kadi zikasagwe, maana chumba kilihitajika na picha tulikuwa nazo.

Ijumaa mama alikuja na gauni lake la kuendea harusi za watu. Nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikamtafutia chungu chake. Alikitambua mara moja.

"Hicho! Shingo ile niliibinya kwa kidole gumba. Hebu nisomee, mwanangu. Macho yangu haya yameliwa na moshi wa tanuri."

Nilisoma kimoyomoyo kwanza. Mkusanyaji: bwana fulani, jina lake kamili, na cheo chake. Mtengenezaji: Hajulikani. Mama alikuwa ananitazama mdomoni, anangoja.

Nikasoma jina lake. Yaani nililitamka kana kwamba limeandikwa pale, la kwake na la baba yake, kwa sauti ya kujiamini kabisa.

"Nilijua!" Akapiga kofi. "Yule karani alikuwa mtu. Mbele ya kadi zetu palikuwa na nafasi ya bwana mkusanyaji tu, akazigeuza, akatuandika nyuma. Mimi na wenzangu wote kumi na mmoja, kila mtu kwenye kadi ya chungu chake. Wenzangu wameshakufa, maskini, lakini wamo."

Nyuma. Hakuna aliyetuambia tugeuze kadi, na mimi mwenye akili nyingi sikuuliza. Kumi na wawili hao niliwafuta mimi, na ushahidi nikausaga kwa saini yangu.

"Mama, twende tukanywe kitu," nikasema.

"Ninywe nini? Ngoja kwanza." Akamwita mgeni mmoja aliyekuwa anapita, mwanamke wa makamo mwenye miwani. "Dada, njoo uone jina langu. Soma kwa sauti, na hao wengine wasikie."

Yule mgeni akainama, akasoma kama alivyoombwa, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kisha akasimama wima akatutazama kwa zamu, hajui afanye nini na uso wake.

Mama hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga. Alifunga vifungo vya mkoba wake polepole, kimoja kimoja.

"Nani kaandika hivyo?"

"Mimi, mama. Nitarekebisha, sasa hivi, ni dakika moja tu."

"Na wenzangu? Majina yao unayo?"

Sikuwa nayo. Yeye mwenyewe alikuwa amebaki na matatu au manne kichwani, na alijua kwamba najua.

"Acha kama ilivyo," akasema, akainuka. "Na wewe ukiulizwa mama yako nani, wajibu hivyo hivyo."