Ng'ombe wa Sodiamu

Nyuma ya darasa, katika shule moja ya Niboye, Mwalimu Kabagwira alikaa na fomu ya ukaguzi, amebetua midomo. Huyu Rodney, suti ya harusi na akili ya harusi, eti muungano wa kikemikali anaufundisha kwa mahari!

"Sodiamu anampa klorini elektroni moja, kama ng'ombe wa mahari. Wakaungana, tukapata chumvi," Rodney akawaeleza wanafunzi.

Mwanafunzi mmoja, Mukunde, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwetu wakwe nao humrudishia bwana harusi ng'ombe. Elektroni ikirudi, si chumvi itavunjika?"

Kabagwira akaguna, akaandika: *Mfano wa kipumbavu.*

"Tumwulize Mwalimu Kabagwira," Rodney akasema kwa heshima. "Ndiye aliyenifundisha mfano huu, neno kwa neno."