Mitaa Iliyotoka kwenye Mafuta ya Usukani

Jumamosi asubuhi, mjini Toledo, Doreen Nowicki aliinua magurudumu ya mbele ya gari la mama yake kwa jeki, akalikalisha gari kwenye stendi, akatandaza katoni ya friji pembeni. Jikoni alikwishachukua bomba la mpira ambalo kila Novemba hulitumia kumwagia mchuzi bata mzinga akiwa ndani ya jiko. Mtaa mzima hunyonyea mafuta machafu kwa bomba hilohilo, na hakuna anayeuliza mbona bata wa mwaka jana alikuwa na ladha ya lori.

Usukani ulikuwa mzito, ni kweli, lakini kilichomsumbua Doreen ni Lenny. Tangu mama yao aingie nyumba ya wazee, yeye na kaka yake walilitumia gari kwa zamu: Lenny kumtembelea mama Jumapili, Doreen Jumatano. Juzi mama alisema kwenye simu kwamba hajaona uso wa mtu wake tangu Pasaka. Lenny akasema mama anasahau. Lenny naye ni mtu wa kumuuzia chura bwawa lake mwenyewe.

Doreen alinyonya mafuta, meusi kama chai iliyolala, akayamwaga juu ya katoni. Hayakutawanyika. Yalishika njia, yakakata kila kona ambayo gari lilikata, kama mafuta ya usukani yaliyokaa miaka miwili yafanyavyo. Akajaza mapya, akazungusha usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, akanyonya tena. Kila bomba lilitoa mitaa mingine.

Jirani yake Chester alikuja na kikombe cha kahawa, akachuchumaa kuisoma ile ramani ya mafuta. Mstari ulioanzia kwa Lenny ulikwenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa boling, ule mchezo wa kuviringisha mipira. Ulikuwa mnene, umepitiwa mara nyingi.

"Ametuona mazuzu," Doreen alisema.

"Na huu unaoanzia hapa kwako?"

Huo ulipita mitaa sita, ukaingia uwanja wa kuegesha magari wa duka la mikate, ukageuka kurudi.

"Huo wa Jumatano."

"Nyumba ya wazee iko ng'ambo ya barabara ya duka hilo, jirani."

"Najua iko wapi, Chester."

Pasaka mama alimwita kwa jina la shangazi aliyekufa, akamwomba aende zake. Tangu siku hiyo Doreen hakuvuka tena ile barabara. Hukaa garini nusu saa, mkate mapajani, akitazama dirisha la tatu kule ng'ambo, la mama.

Chester alikunywa kahawa yake. "Usijali. Mafuta ya gari langu yalichora baa saba. Mke wangu ameikunja ile katoni, ameihifadhi pamoja na cheti cha ndoa."

Jumapili Lenny alikuja kuchukua gari. Alizungusha usukani kwa kidole kimoja, akamsifu dada yake kwamba angezaliwa mwanamume angekuwa fundi. Doreen akamwambia angezaliwa mwanamume angekuwa Lenny, basi afadhali hivi. Wakacheka.

"Jumatano mama alikuwaje?" Lenny aliuliza.

"Alimaliza supu yote. Anakusalimu."

Lenny aliitikia kwa kichwa, akaahidi kumfikishia mama salamu za Doreen, akatoka barabarani na kukata kushoto. Nyumba ya wazee iko kulia.