Ufunguo wa Hoteli ya Shelui

Maandazi ya kwanza yalikuwa yameshatoka mafutani lori la pamba liliposimama Shelui kupoza injini kabla ya kupanda mlima Sekenke. Marietha aliyatandaza juu ya ungo, akamimina chai. Utingo aliingia hotelini na vumbi bado kwenye kope.

"Mama, andazi limepungua au mkono wangu umekua?"

"Ngano imepungua. Mkono wako ni uleule."

Dereva alicheka, akalipa. Utingo naye akalipa. Katika hoteli hiyo kila mtu alilipa kabla ya kuinuka. Hilo lilikuwa fundisho la Bwana Nathanaeli, ofisa biashara wa wilaya, siku Marietha alipokwenda Kiomboi kuomba leseni. Kabla ya hapo alikuwa akiuza barabarani kwa beseni kama wanawake wengine. Ofisa alimweleza kwa upole: asile mtaji, fedha ya chai asiichanganye na ya nyumbani, ajenge mahali pa kudumu, aezeke bati, aandike jina ukutani ili madereva walikumbuke. Ndugu wa mume nao walipe, kwa sababu ndugu ndio humaliza biashara changa.

Marietha alifuata yote. Ng'ombe alioachiwa na marehemu mumewe aliwauza, akanunua mabati. Shemeji yake Stefano alipokuja kunywa chai, alimtajia bei. Stefano alilipa, akanywa, na tangu siku hiyo hakuonekana.

Asubuhi hii alirudi, lori lilipokwisha kuondoka. Alifuatana na Bwana Nathanaeli. Stefano sasa alikuwa mjumbe wa kamati ya duka la kijiji.

"Habari za kazi, Ndugu Marietha," ofisa alisema.

"Nzuri. Karibuni."

Hawakuketi.

"Agizo la serikali limetoka. Maduka na hoteli za watu binafsi zinafungwa. Biashara itaendeshwa na kijiji. Jengo hili linakabidhiwa kamati leo."

Marietha aliinua andazi lililokuwa likianza kuungua. "Na wale wa mabeseni?"

"Wale hawana leseni. Agizo haliwahusu."

"Kwa hiyo nisingejenga, ningekuwa nauza."

Bwana Nathanaeli alitazama dari. "Ushauri niliokupa ulikuwa sahihi kwa wakati ule."

"Na mabati yangu?"

"Kamati itayathamini, utalipwa."

"Lini?"

"Itakapokaa."

Marietha alimgeukia Stefano. "Shemeji, kamati ndiyo wewe. Sema neno. Kaka yako asingenyamaza."

"Niseme nini, shemeji? Humu ndani mimi ni mteja kama wengine."

Ofisa alikohoa. Marietha aliuliza kama sufuria nazo ni za kijiji. Ofisa alisoma agizo tena: lilitaja jengo, meza na mabenchi. Vyombo vya kupikia havikutajwa. Basi Marietha alitoa sufuria, birika, vikombe na beseni, akayapanga maandazi ndani ya beseni, akamwagia moto maji. Ofisa alitia kufuli mlangoni. Kamati haikuwa imemteua mtu wa kutunza ufunguo, kwa hiyo aliutia katika mfuko wa shati lake. Stefano alikwenda zake shambani.

Gari la kumrudisha ofisa lilichelewa. Jua lilipokuwa kali alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha hoteli, chini ya jina la Marietha lililoandikwa kwa chokaa, akisogea kila kivuli kilipopungua. Ng'ambo ya barabara wanawake wa mabeseni walikuwa wamebanana ili Marietha apate nafasi.

"Karibu tena vumbini, mama hoteli," mmoja alimtania. "Huku hatuna benchi."

"Nimeona. Sogea."

Alasiri ofisa alivuka barabara, midomo imemkauka.

"Ndugu Marietha, naweza kupata chai?"

"Chai inapikwa hotelini."

"Hoteli imefungwa."

"Ndiyo. Ufunguo unao wewe."

Ofisa aligusa mfuko wake, kisha akatazama barabara. Lori lilikuwa likija kutoka upande wa Nzega. Wanawake walijitwika mabeseni. Marietha alimpita ofisa na kuwa wa kwanza kufika kwenye mlango wa dereva. Aliuza kwa bei ya asubuhi, bila leseni, huku ofisa wa biashara, aliyechoka kungoja gari lake na kuomba lifti, akisubiri chini utingo amalize andazi lake ndipo amwonyeshe mahali pa kukaa ndani ya lori.