Namba Mia Nne Kumi na Mbili

Jina lilikuwa na maneno matatu. Kufuli aliyasoma kwa sauti ya chini, akatazama mlango, akayasoma tena. Mchana kweupe, ofisi tupu, na yeye mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, ameziba mdomo kwa kiganja kama mtoto aliyekutwa na sukari jikoni. Alikuwa amempata mama yake.

Kufuli halikuwa jina lake. Wenzake walimpachika, katika ofisi hii inayotunza rekodi za nyumba za kulelea watoto, kwa sababu mbili: hasemi, na ndiye anayeshika ufunguo. Kila mtoto aliyewahi kupokelewa alikuwa na mstari wake katika jedwali kuu. Mwanzoni mwa mstari kulikuwa na namba, ambayo mashine huitoa yenyewe, moja baada ya nyingine, wala hairudii iliyokwisha kutolewa hata mstari wake ukifutwa. Mwishoni kulikuwa na jina la mama, nalo limesimbwa: asiye na ufunguo huona herufi na tarakimu zilizovurugwa tu. Namba ya Kufuli ilikuwa mia nne kumi na mbili. Aliijua tangu utotoni, maana ilishonwa kwenye ncha ya shuka lake. Hapo ofisini hakumwambia mtu.

Miaka kumi na moja alishika ufunguo huo na hakuutumia kwa haja yake hata siku moja. Amana ni amana. Aliwahi kupewa fomu inayotaka simu ya ndugu wa karibu, akaandika ya mezani pake, ambayo angeipokea mwenyewe, kisha akaendelea na kazi. Lakini leo jedwali lilikuwa linahamia kwenye seva mpya, na ufunguo mpya ungekaa na wakubwa wa ofisi kuu. Saa kumi alasiri ule wa zamani ungefutwa. Ilikuwa leo au basi tena. Isitoshe, baada ya kunakili, fundi kama yeye huruhusiwa kufungua mistari kadhaa ya jedwali jipya ahakikishe inasomeka, kwa hiyo alianza na wake.

Akatoka kwenda kula, na hakula. Njia nzima alikuwa akimtengenezea mwenye jina uso, akampa na kicheko, akampa hata tabia ya kusahau miwani. Kwenye kona alijaribu kuita, "Mama." Mwuza magazeti akageuka, na Kufuli akamchekea, mtu asiyemjua.

"Leo umeokota nini?" karani wa masjala alimwuliza aliporudi. Alikuwa mwanamke mwenye mvi chache na utani mwingi, anayeweza kugombana hata na mhuri. "Naona meno! Kumbe unayo?"

"Niache, dada."

"Nikikuacha, utakagua na nani? Sheria inataka macho manne. Haya, nisomee namba ya mwisho kwenye jedwali jipya."

"Elfu mbili mia tisa na tano."

Karani akapitisha kidole kwenye daftari lake. "Mimi nina mia tisa na sita."

Kufuli hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kabla ya kunakili, fundi huliwekea jedwali jipya ruhusa ya kupokea namba za zamani kama zilivyo. Bila hiyo, hujihesabia upya kuanzia moja. Hilo hufundishwa siku ya kwanza kazini, naye alilisahau kwa pupa ya kuufikia mstari mmoja. Namba tisini na saba ilikuwa imefutwa zamani, ya mtoto aliyeandikwa mara mbili. Mashine ikaliziba pengo lake, na wote waliofuata wakasogea hatua moja. Kama angenyamaza, kila mmoja wao angepewa mama wa jirani yake.

Mwanamke wa maneno matatu alikuwa wa mia nne kumi na tatu.

Iliuma. Iliuma kuliko miaka yote ya kutojua, kwa sababu hali ya kutojua alikwisha kuizoea.

"Kuna nini?"

"Nimekosea. Naanza upya."

"Haraka haraka haina baraka," karani akasema, lakini alipomwona uso, akaacha kucheka.

Alifuta, akatoa ruhusa, akanakili tena. Safari hii hesabu ilikubali, na pengo la tisini na saba likabaki pengo. Karani akavuta kiti. Kushoto mwa skrini jedwali la zamani, kulia jipya. Majina yakifanana, Kufuli husema "yanalingana", karani hutia alama. Wakafanya hivyo mara nane.

"Bado mbili. Taja."

"Mia nne kumi na mbili."

"Mbona sauti imekukauka?"

"Ni yangu mimi."

Karani hakuelewa, kisha akaelewa. Kalamu ikasimama hewani. "Mdogo wangu," alisema, "tunaweza kuchagua nyingine."

"Hapana. Wewe kaa tu."

Akabonyeza. Kushoto: *Mama hakutaja jina.* Kulia: *Mama hakutaja jina.* Maneno matatu pia. Yalikuwa yamesimbwa kwa uangalifu uleule kama ya wengine wote, na kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyeyalinda.

Karani aliyasoma, akayaweka macho yake kwenye karatasi. Hakutia alama. Alimngoja.

"Yanalingana," Kufuli alisema.

"Nitie?"

"Tia, dada."

Kalamu ilikwaruza kidogo. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini kufika saa kumi.

"Ya mwisho?"

"Mia nne kumi na tatu."

Jina likatokea pande zote mbili. Karani alikuwa tayari ameinamisha kalamu, lakini Kufuli hakusema neno lililotakiwa. Alilisoma jina lenyewe kwa sauti, maneno yake yote matatu, polepole, na karani akasogeza kiti chake karibu.