Honda ya Bi Raya

Paskazia alipotoka Muleba kwenda Dubai, ajenti alimweleza kwamba kazi yake ni kumtunza mama mmoja mtu mzima mwenye presha: kumpikia chakula kisicho na chumvi nyingi, kumkumbusha vidonge, kumshika mkono akipanda ngazi. Habari ya pikipiki hakuna aliyeitaja.

Nyumba yenyewe ilikuwa Al Baraha, nyumba ya kizamani yenye ua wa saruji na stoo isiyo na dirisha. Mwenyewe aliitwa Bi Raya, mzaliwa wa Unguja, aliyeletwa Dubai na mumewe enzi ambazo huko mchanga ulikuwa mwingi kuliko barabara. Siku ya kwanza Paskazia alimwita madam, kama alivyofundishwa. Bi Raya akamwambia kwamba humu ndani hamna madam, kama anamtaka akabishe nyumba ya pili.

Mume, Mzee Msellem, alifariki mwaka 2013. Eda ilipokwisha, Paskazia akiwa ameshaanza kazi, mtoto wao Hilali akaja na shauri lake. Mama ahamie kwake Mirdif, nyumba ifungwe, takataka za stoo zitupwe. Bi Raya hakubisha. Alisema tu kwamba mle stoo mna kitu kimoja hakitupwi, na yeye haondoki mpaka kitu hicho kiwe kimetembea.

Kilikuwa kipikipiki cha Honda, kimefunikwa zulia bovu. Matairi yalikuwa yamelala bapa, siti imetafunwa na panya, na kutu imekila kuanzia taa ya mbele hadi bomba la moshi. Mzee Msellem alikinunua kabla Hilali hajazaliwa, akakiendesha miaka na miaka, kisha siku moja injini ikakwama na maisha yakawa na mambo mengine. Paskazia alikitazama, akamtazama bibi wa watu, akajisemea moyoni kwamba msiba una namna zake.

Lakini Bi Raya hakuwa anabahatisha. Kila Ijumaa ya ujana wake alikuwa akikaa kwenye kigoda akimpa mumewe spana, na kwa kumpa huko akajua kila nati inakaa wapi na inatoka baada ya ipi, ingawa mwenyewe hajawahi kukaza hata moja. Sasa vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi.

"Akili ninayo mie," alimwambia Paskazia. "Mikono unayo wewe. Tukae pamoja."

Wakakaa. Asubuhi baada ya chai na vidonge, Bi Raya aliketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa stoo, na Paskazia akapiga magoti sakafuni na kufungua anachoambiwa. Vitu vilivyotoka aliviosha kwa mafuta ya taa na kuvipanga kwenye makopo ya maziwa ya unga. Mwanzoni alifanya kwa kumridhisha mgonjwa. Hakujua ni lini hasa ilibadilika, ila alijikuta akiharakisha vyombo vya jikoni ili arudi stoo.

Siku waliyofunua kichwa cha injini, alitegemea kukuta dude zito la kutisha. Akakuta pistoni moja, mdomo wake hauzidi wa kikombe cha kahawa, imeganda ndani ya silinda. Akauliza zilizobaki ziko wapi. Bi Raya akamwambia hakuna nyingine. Hicho kikombe ndicho kilichokuwa kinampeleka Msellem Sharjah na kumrudisha, mchangani, na gunia la mchele nyuma. Paskazia akainama kukitazama. Maisha yake yote pikipiki zilikuwa zimempita barabarani kwa kelele, naye hakuwahi kujiuliza ndani yake mna nini.

Wakaimwagia pistoni dizeli, wakaiacha ilowe. Kila asubuhi Paskazia aliongeza kidogo, akaweka spana kwenye nati ya gurudumu la sumaku ubavuni mwa injini na kujaribu kuizungusha. Haikutikisika. Bi Raya alimkataza kutumia nguvu. Alisema chuma kinabembelezwa.

Asubuhi moja spana ilisogea. Si sana, upana wa ukucha tu, lakini mle ndani kitu kikashusha pumzi. Paskazia akaacha spana kama imemuunguza. Kisha akaishika tena, akaivuta taratibu, na pistoni iliyokuwa imelala tangu yeye hajazaliwa ikazama, ikapanda, ikazama. Nywele za mikono zilimsimama. Alipogeuka, Bi Raya alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya mtandio, mabega yanamtikisika.

Vipuri walivifuata Ras Al Khor, kwenye magodauni ambako gari zima linaweza kuingia mlango huu na kutokea mlango ule likiwa vipande. Huko walimpata Ignatius, mpiga rangi wa Sumbawanga, ambaye alifurahi kusikia Kiswahili hadi akawatafutia viti. Aliwashauri wairudishie Honda rangi yake nyekundu ya kiwandani, ndiyo watu wanayoithamini. Bi Raya alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema anataka rangi ya ndimu. Alitaka pia siti ishushwe, irefushwe iwe ya watu wawili, na usukani unyanyuliwe uje karibu, usimlazimishe mtu kuinama. Ignatius akauliza huyo mtu ni nani. Bi Raya akamwambia achanganye rangi.

Kabla injini haijarudishwa mahali pake, walijaribu plagi. Paskazia aliilaza juu ya chuma cha injini, waya wake ukiwa umechomekwa, na Bi Raya akaamuru mlango ufungwe. Giza likawa la kutoona kiganja.

"Piga kiki," sauti ya Bi Raya ilisema.

Paskazia akakanyaga. Pale kwenye ncha ya plagi pakazuka cheche ya buluu, ndogo kuliko punje ya mtama, ikatoweka. Akakanyaga tena, ikaja tena. Hapakuwa na betri, hapakuwa na waya unaotoka ukutani, mguu wake tu. Akafanya ishara ya msalaba bila kufikiri, na gizani hapohapo akamsikia Bi Raya akinong'ona, "Subhanallah." Walirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa waliyoitoa Honda nje, Hilali alikuja kumwona mama yake akakuta nyumba tupu. Akafuata sauti hadi kiwanja cha mchanga nyuma ya nyumba, mahali ambapo magari hayaingii. Paskazia alimwona akitokea kwenye kona na kusimama ghafla, ufunguo wa gari mkononi.

Bi Raya alikuwa anaendesha. Buibui amelifunga kiunoni, mgongo umenyooka, anazunguka kiwanja kile juu ya kipikipiki cha rangi ya ndimu, na anapobadilisha gia kwa mguu hatazami chini. Mtu anayejifunza haendeshi hivyo. Paskazia, aliyekuwa amejiandaa kukimbia pembeni amdake, alibaki mikono imening'inia.

Alipozunguka akafika walipo, akasimama bila kuzima. Hilali alitaka kusema mengi, ilionekana, lakini lililomtoka lilikuwa moja.

"Mama, umejifunza lini?"

"Kabla yako," Bi Raya alisema. "Baba yako alinifundisha jangwani huko, kulipokuwa hakuna mtu. Tulikubaliana iwe yetu wawili."

Hilali alikaa chini pale pale mchangani na kanzu yake nyeupe. Alimtazama mama yake kama mtu aliyeonyeshwa chumba kizima ndani ya nyumba aliyozaliwa, chumba asichowahi kukijua. Baadaye kabisa akauliza kama anaweza kuigusa.

Bi Raya akamwambia angoje zamu yake, akapiga siti nyuma yake kwa kiganja. Paskazia akapanda. Akamshika kiuno yule mama ambaye kila siku alikuwa akimshika mkono kwenye ngazi, na chini yao kile kikombe kimoja kikaanza kupanda na kushuka kwa kasi ambayo akili haikuweza kuifuata, kikawachukua wote wawili. Upepo ukamjaa mdomoni. Bi Raya akageuza uso kidogo na kumwambia aangalie vizuri miguu yake inafanya nini, kwa sababu mzunguko unaofuata watabadilishana viti.