Gundi Mbichi

Sindano ilikuwa imezama nusu kwenye karatasi mkutubi alipoingia bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja.

"Mama Gundi, juzuu la mwaka wa mafuriko liko wapi?"

"Hili hapa mikononi," alisema yule mama. "Nimelivua nguo. Mgongo wake ulishakufa."

"Linatakiwa ukumbini saa nane."

Mama Gundi akatazama saa ya ukutani. Saa nne kasorobo. "Gundi peke yake inataka siku nzima kukauka, mzee. Si uwapelekee karatasi hivihivi wasome?"

"Unaijua kanuni. Karatasi iliyolegea haisomwi mle ndani, tangu yule bwana alipochomeka ya kwake ya uongo. Ni kitabu kilichoshonwa, chenye muhuri. La sivyo Spika hasikii." Akajifuta jasho shingoni. "Utaweza?"

"Ukitoka, nitaweza."

Mkutubi akacheka kidogo, akatoka.

Chumba cha Mama Gundi kilikuwa chini ya ukumbi wa Bunge. Juu walisema, chini yeye alishona waliyoyasema, mwaka kwa mwaka, kwa uzi uliopakwa nta. Shule aliishia ya msingi, lakini kila alichoshona alikisoma polepole, midomo ikimchezacheza. Aliamini kwamba kuna kitabu kingine huko juu kabisa, kisichohitaji gundi, ambamo hakuna neno linaloanguka. Hiki cha kwake alikishona kwa heshima, kama mtu anayefanya mazoezi.

Lakini leo mikono ilikuwa na haraka yake. Mkwe wake, kinyozi, alikuwa ndani siku ya kumi na mbili. Walimkamata mashine ikiwa bado mkononi, mteja kanyolewa nusu kichwa. Kosa lake hakuambiwa. Watu walisema ni maneno ya kuisema serikali yaliyokuwa yakizungumzwa kwenye kiti chake. Sasa kinyozi gani anaweza kumnyoa mtu na kumziba mdomo kwa wakati mmoja? Kila asubuhi binti yake Mama Gundi alipeleka shati safi kwenye geti la mahabusu, na lile chafu likatolewa. Ndiyo ilikuwa barua yao. Shati likitoka, mtu yu hai.

Sheria ilisema siku kumi na nne. Zikitimia, mtu apelekwe mbele ya hakimu au aachiwe. Leo ilikuwa Alhamisi, siku ya kumi na nne ingekuwa Jumamosi. Na leo hiyohiyo chama cha Ngazi, kilichoshika serikali, kilileta muswada wa kuzifanya siku hizo tisini, na muswada ulisema wazi kwamba utawahusu hata walio ndani tayari.

Kilichomshangaza Mama Gundi alikiona juzi, alipokuwa akifumua juzuu hilo. Ukurasa wa mia tatu themanini na nane. Mwaka ule wa mafuriko Ngazi walikuwa wapinzani, wamekaa mkono wa kushoto wa Spika, na kijana mmoja wao alisimama kuidai hiyo sheria ya siku kumi na nne. "Mtu asiyeambiwa kosa lake," alisema, "mmemnyima hata nafasi ya kutubu." Kijana huyo ndiye Waziri wa leo. Ndiye aliyeuleta muswada wa siku tisini.

Na mbele kidogo, ukurasa wa mia tatu tisini na tatu, waziri wa wakati huo, wa chama cha Ufunguo, alimjibu. "Haki za watuhumiwa ni pambo la nchi zilizoshiba." Huyo naye ndiye Kiongozi wa Upinzani wa leo, anayelia redioni kila jioni kwa ajili ya haki za binadamu, mpaka sauti inakatika.

Juzi alipoyasoma hayo aliiweka sindano chini. Hakukasirika. Alihisi kama mtu aliyeamka akakuta mito miwili imebadilishana mikondo, maji yakiimba wimbo uleule. Maneno hayakufa, waliohama ni watu. Akajiuliza ni nani aliyekuwa akiyatunza muda wote huo.

Saa tano aliingia mnadhimu wa Ngazi, yule anayewahesabu wabunge wa chama chake kabla ya kura. Manukato yake yalitangulia.

"Pole na kazi, mama."

"Nimeshapoa, mheshimiwa."

"Kazi nzuri haitaki pupa, au vipi? Kitabu kikipelekwa kibichi si kitaiaibisha ofisi? Kikikauka hata kesho, nani atakulaumu?"

"Nimekusikia, mheshimiwa."

Alipotoka, manukato yakabaki. Hayajaisha, akaingia mnadhimu wa Ufunguo, mwanamke mwenye viatu vya kelele.

"Mama yangu kipenzi! Tunakutegemea, tena tunakuombea. Sisi tunataka mia tatu themanini na nane tu." Akainama, sauti ikashuka. "Zile za mbele yake, mia tatu tisini na ngapi sijui… Kitabu chenyewe si kimechakaa? Ukurasa kupotea ni jambo la kawaida."

Ukweli usemwe: mkono wa Mama Gundi ulikwishagusa mkasi. Alimwona mkwe wake, shati chafu, kidevu ambacho hakuna wa kukinyoa. Bila ukurasa ule Ufunguo wangeng'ata bila kung'atwa, na labda wangeshinda. Akalivuta lile fungu la karatasi, akalifunua.

"Njoo uone, binti yangu. Hii karatasi ni moja, imekunjwa katikati. Upande huu amesema yeye, upande huu mmesema nyinyi. Nikiukata wa kwenu, na huu wa kwake unadondoka. Uzi haushiki nusu."

"Hakuna namna nyingine?"

"Namna ni kushona."

Viatu vikaondoka na kelele zake. Mama Gundi akaacha mkasi, akafumba macho kwa muda wa pumzi tatu, akamtaja Mungu wake, akaokota sindano.

Alishona bila kunywa maji. Akapaka gundi mgongoni, akabandika kitambaa, akakaza kibano mpaka mbao zikalia. Saa nane kasoro dakika tano alikifungua, akagonga muhuri. Gundi ilikuwa bado inanata.

"Mguu wangu leo haupandi ngazi," alisema kwa aibu mkutubi, aliyekuja kukichukua. "Panda nacho wewe."

Miaka ishirini na sita hakuwahi kuingia ukumbini kikao kikiendelea. Alisimama kwenye kizuizi cha mlangoni, kitabu kifuani kama mtoto mchanga. Dari ilikuwa ndefu kupita sauti. Askari wa Bunge akakipokea, akampelekea Kiongozi wa Upinzani.

"Mheshimiwa Spika, nasoma maneno ya Waziri mwenyewe!"

Akayasoma. Alipofika "mmemnyima hata nafasi ya kutubu," Ufunguo wakagonga meza, wakazomea. Waziri akasimama, uso umemvimba.

"Mheshimiwa Spika, naomba asifunge kitabu. Afunue kurasa chache mbele, asome na ya kwake!"

Zamu ya Ngazi kugonga meza. Kiongozi wa Upinzani akataka kukifunga kitabu. Hakikufungika. Gundi mbichi ilikuwa imekishika mgongo, kikalala wazi, kifudifudi akikigeuza, chali akikiachia, na kilipotulia kilikuwa kimefunuka palepale kwenye ukurasa wa mia tatu tisini na tatu. Akavaa miwani. Midomo yake ikacheza, polepole, kama ya Mama Gundi. Sauti haikutoka.

Ndipo kikongwe mmoja wa Ngazi, mbunge wa siku nyingi, akasema bila hata kusimama, "Nileteeni mimi. Mwaka ule nilikuwemo."

Askari akamtazama Spika. Spika akaitikia kwa kichwa. Kikongwe akafunua, akatafuta, akapata mahali pake, akaweka kiganja juu ya maneno yake mwenyewe, akakaa hivyo. Wa jirani yake akainama. "Baba yangu yumo?" aliuliza, mtu mzima kabisa, mwenye mvi. Kikatoka mkono hadi mkono, kikavuka njia ya katikati, kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi, na hakuna aliyezomea tena. Kilipomfikia Waziri alikisoma muda mrefu kuliko wote. Mama Gundi aliona vidole vyake vikigandamana na mgongo wa kitabu, na jinsi alivyovibandua taratibu, kimoja kimoja.

Hofu ilikuwa imemtoka yule mama. Alijihisi yuko mahali pa ibada, na viatu hakuvua.

Spika akakohoa. "Kura itapigwa Jumatatu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila mtu akasome."

Mama Gundi akahesabu kwa vidole nyuma ya kizuizi. Ijumaa. Jumamosi, siku ya kumi na nne. Akarudia, asije akawa amekosea.

Kitabu kilirudi chini jioni. Kwenye mgongo, ndani ya gundi, kulikuwa na alama za vidole zisizohesabika, vya Ngazi na vya Ufunguo, na hakukuwa na wa kujua kipi ni cha nani. Mkutubi alitaka zifutwe kwa kitambaa chenye maji.

"Ziache," alisema Mama Gundi. "Zikauke humo humo."

Jumamosi asubuhi alikwenda getini na binti yake. Binti alishika shati lililopigwa pasi, na safari hii alileta na viatu, bila kusema kwa nini.

"Wakisema bado, Mama?"

"Tutasimama."

Watu wengine walikuwa wamejipanga kando ya ukuta, kila mmoja na shati lake. Jua likapanda hadi kwenye maandishi ya geti. Mama Gundi alikuwa akiibandua gundi iliyokaukia kwenye ukucha wa dole gumba, kidogo kidogo, pale waliposikia komeo likivutwa upande wa ndani.