Oili ya Kiilu

Mume wangu Kiilu ni mtu wa kujua. Gari la mtu likizimika, yeye anajua sababu kabla boneti haijafunguliwa. Mhubiri akikosea aya, yeye alishajua tangu Jumapili ile nyingine. Mimi Muthoki nimeishi na ujuzi huo miaka thelathini na moja, hapa ndani kidogo ya Kambu, na bado nipo.

Ujuzi wake mkubwa kuliko wote ulikuwa wa kuponya mbwa. Kila mwaka, mvua za Novemba zikishanyesha na nyasi zikarefuka, mbwa wa huku huanza kujikuna. Hujikuna mpaka manyoya yakatoka, hulamba nyayo, husugua tumbo mchangani. Kiilu aliwapaka oili chafu ya magari, ile nyeusi inayomwagwa gereji, aliyokuwa akiletewa na madereva wa malori kutoka Mtito Andei. Alipaka kila Jumamosi, na kufikia mwisho wa Januari mbwa wamepona, manyoya yamerudi. Watu walileta mbwa wao kwa kamba na kwa pikipiki. Mmoja alitoka Kikima, mbali kote huko. Kiilu hakumtoza mtu chochote. Alichotaka ni kuitwa daktari, na walimwita.

Mbwa wetu anaitwa Sajini. Ndiye anayelinda mbuzi wetu dhidi ya fisi, na ndiye aliyepakwa oili kuliko mbwa wote wa kata hii. Desemba iliyopita alipakwa mara tatu kwa wiki moja kwa sababu muwasho ulikataa kwisha. Jumanne akasusia ugali. Jumatano akatapika povu jeusi. Alhamisi asubuhi alikuwa amelala ghalani, ngozi ya tumbo imebabuka, macho yamezama.

"Nampaka mara moja tu ya mwisho," Kiilu akasema, akichukua kopo.

"Ukimgusa na hiyo kitu tena, wewe ndio utalala hapo na yeye," nikamwambia.

Siku hiyo kulikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa sokoni. Nikaenda mbiombio, nikarudi na daktari wa mifugo, msichana anayeitwa Wavinya, buti za mpira zimemfika magotini. Alipiga magoti kando ya Sajini, akamgusa mgongo, akanusa vidole vyake.

"Nani amempaka oili?"

Kiilu akakohoa. "Hiyo ni dawa. Huyu ako na upele, daktari. Mimi nazijua hizi mambo."

Wavinya akakwaruza ngozi kidogo kwa wembe, akaweka ukoko kwenye kipande cha kioo, akachungulia kwa darubini yake ndogo muda mrefu. "Mzee, hapa hakuna mdudu wa upele. Halafu ona penye anajikuna. Kwapa, tumbo, nyayo, masikio. Inaanzanga lini?"

"Desemba," nikajibu mimi.

"Na inaisha lini?"

Nikasema ni Januari.

Wavinya akatoka, akavunja shina moja la nyasi lenye suke kando ya zizi, akarudi nalo. Ghala letu ni la mabati, na tundu la msumari lilikuwa limeingiza mwali mmoja wa jua. Akaliweka lile suke kwenye mwanga, akalipiga kwa kidole mara moja tu.

Sijui nitaelezaje. Shina lilikuwa jembamba kama uzi wa kushonea, lakini moshi wa manjano uliotoka pale ulijaza mwali wote. Chembe hazikuanguka. Zilielea. Sajini akavuta pumzi pale chini, nami nikaziona zikigeuka zote pamoja na kushuka kuelekea puani mwake. Akatoa pumzi, zikarudi.

"Hiyo ni shina moja," Wavinya akasema.

Nikatazama nje. Nyasi zilifika kiunoni, kutoka zizini mpaka mtoni, kutoka mtoni mpaka vilima vya Chyulu, zote zimechanua, zote zinayumba kwa upepo mmoja. Nimezaliwa katika hewa hii. Nimeanika nguo humu nikisema leo hewa ni safi. Kumbe ilikuwa imejaa hivi, siku zote, na aliyekuwa akijua ni mbwa peke yake. Niliogopa kama ninavyoogopa kanisani wakati wa sala ya kimya, na nilifurahi pia, sijui kwa nini.

"Ni aleji," Wavinya akaendelea. "Ngozi yake inakataa hiyo unga ya maua. Nyasi zikikauka anapona mwenyewe. Oili haimsaidii, inamchoma. Na akijilamba inamuua."

Akamdunga sindano, akaacha vidonge, akatufundisha. Kwanza mafuta ya kupikia yalegeze oili, kisha sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, asuuzwe mpaka utelezi uishe. Akipona, kila jioni akitoka malishoni afutwe nyayo na tumbo kwa kitambaa chenye maji. Kiilu mwenyewe ndiye aliyemwosha, mpaka maji meusi yakawa ya kijivu na ya kijivu yakawa safi. Mimi sijawahi kumwona akiosha hata kikombe.

Ijumaa mchana Sajini akalamba uji. Nililia waziwazi.

Basi, nani angejua kosa hilo la oili? Wavinya alikuwa ameshaenda zake. Mimi ningemwambia dada yangu tu. Lakini Jumamosi ilifika, na langoni wakasimama watu tisa na mbwa wao. Mbele alikuwa Mbaluka, dereva wa lori, na mtungi wa oili mkononi.

"Daktari, nimekuletea dawa."

"Usiniite daktari," Kiilu akasema. "Mimi sijaponya mbwa hata mmoja."

Mbaluka akacheka. "Si uliponya wangu mwaka jana?"

"Alipona lini?"

"Januari."

"Na nyasi zilikauka lini?"

Mbaluka akaacha kucheka. Kiilu akawaeleza yote, lile vumbi, ule mwanga, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. Kisha akasema, "Ule mbwa wa Nduku alikufa mwaka juzi, tukasema ni nyoka. Haikuwa nyoka. Ni mimi."

Uoga ule wa ghalani ukanirudia, na safari hii ulikuwa kwa ajili ya mume wangu.

Nduku alikuwa wa nne kwenye foleni, ameshika mbwa mwingine, mdogo, kwa kamba ya katani. Alimtazama Kiilu muda mrefu. Kisha akawapita wenzake, akamsukuma mbwa wake mbele.

"Nionyeshe vile anaoshwa," akasema.

Kiilu akapiga magoti, nami nikaenda kuchota maji.